Jibu ndani ya siku moja: mwongozo kamili wa kuendesha gazeti la mtandaoni linaloandikwa na watu wa kujitolea Dar es Salaam

Mwandishi wa kujitolea halipwi. Ametoka kibaruani Kariakoo saa moja usiku, amesimama kwenye daladala mpaka Mbagala, amekula, watoto wamelala, ndipo anakaa kitandani na simu yake kuandika habari ya mtaro ulioziba nyuma ya shule. Akiituma na kukaa siku nne bila kusikia neno, hatuandikii tena. Nimewapoteza watu wazuri kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuaga. Walinyamaza tu, kama tulivyowanyamazia.

Kwa hiyo mwongozo huu utarudi mara nyingi kwenye jambo hilo moja, jibu la mhariri. Vibali nitavieleza, pesa nitazieleza, uhakiki nitaueleza kwa kirefu. Lakini kama mnapanga kuanzisha kitu cha aina hii na hamna mtu wa kukaa kila jioni akajibu, ahirisheni mpaka mumpate.

Hatua ya kwanza: chagueni eneo mnalolifikia kwa nauli moja

Kosa la karibu kila kundi jipya ni kutaka kuandika habari za Dar es Salaam nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Watu kumi wenye simu hawawezi kuubeba mzigo huo, na wakijaribu wataishia kunakili taarifa za magazeti makubwa.

Chukueni kata mbili, tatu zikizidi sana, zinazopakana. Kipimo changu ni nauli: mhariri akisikia jambo saa kumi jioni, je, kuna mtu wenu anayeweza kufika pale kwa miguu au kwa daladala moja, akaona kwa macho yake, akarudi kabla ya giza? Kama hakuna, eneo hilo si lenu bado.

Wakorea wamelipitia hili kabla yetu. Oh Yeon-ho alipoanzisha gazeti la mtandaoni la OhmyNews huko Korea Kusini tarehe 22 Februari 2000, alikuwa na wananchi 727 waliojiandikisha kuandika, na kauli yao ilikuwa kwamba kila raia ni mwandishi wa habari. Watu wengi huikumbuka kauli hiyo wakasahau kwamba nyuma yake kulikuwa na wahariri wa kuajiriwa waliosoma habari kabla haijatoka. Tovuti yao ya kimataifa, iliyopokea habari kutoka nchi nyingi, iliacha kupokea habari kwa namna hiyo mwaka 2010, na ugumu wa kuhakiki mambo ya mbali ulikuwa miongoni mwa sababu. Ukaribu ndio nguvu yenu kubwa, msiigawe bure.

Mkishachora mpaka, andikeni orodha ya mambo yanayorudi kila mwezi katika eneo hilo. Mikutano ya mtaa, hasa ile ya kusoma mapato na matumizi. Bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ambazo dereva wa bodaboda anazihitaji kuliko hotuba yoyote. Nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Maji, umeme, zahanati, madawati ya shule, mipaka ya viwanja. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, pamoja na mito inayofurika humo: kwetu Temeke ni Kizinga na Mzinga, kwa wa Jangwani ni Msimbazi. Orodha hiyo ndiyo itakayowalisha siku ambazo hakuna tukio.

Hatua ya pili: malizaneni na sheria kabla ya habari ya kwanza

Sehemu hii inachosha, na ndiyo maana wengi huiruka. Msiiruke.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Anayetoa habari na matukio mtandaoni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Hata JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni lililokuwepo tangu 2006, lilisimama kwa muda Juni 2018 kanuni zilipoanza kubana. Kwa hiyo msijidanganye kwamba nyinyi ni wadogo mno kuonekana. Nendeni Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, mkiwa wawili, mkaulize ana kwa ana: kundi letu ni la aina hii, halitafuti faida, linaandika haya, tunaingia kundi gani la leseni na ada yake ni kiasi gani mwaka huu? Ada zimewahi kupunguzwa, msitegemee kiwango alicholipa rafiki yenu miaka mitano iliyopita. Kabla ya hapo mtahitaji kuwa na sura ya kisheria, yaani usajili wa taasisi na namba ya mlipakodi kutoka TRA.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kazi hiyo, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, JAB, ndiyo inayoitoa. Sisi tulianza kwa kumtafuta mhariri mwenye taaluma na kitambulisho, na tukakubaliana kwamba wengine wote ni wachangiaji. Hawajiiti waandishi wa habari mbele ya askari wala mbele ya mtendaji wa kata, na hawavai vizibao vya wanahabari. Wanasema: mimi ni mkazi wa hapa, naandikia gazeti la mtaa wetu. Nanyi ulizeni JAB mapema mpaka huo unawafaa wapi na wapi hauwafai.

Zipo tatu nyingine za kuwekwa mezani siku ya mafunzo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha au kuchafua, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu kwa sababu mtakuwa mnatunza namba za simu, majina na picha za watu. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ni ya kuwasaidia: raia akiandika barua kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, ofisi ina siku 30 za kumjibu. Wachangiaji wetu wengi hawakuwahi kusikia kwamba haki hiyo ipo. Mmoja, mstaafu wa reli, aliandika barua ya ukurasa mmoja kuulizia fedha za ukarabati wa choo cha shule. Jibu alilopata lilitupa habari bora kuliko zote tulizotoa mwaka huo, na hakuna aliyegombana na mtu.

Mwisho wa yote, Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa 1995, lina kanuni za maadili na husuluhisha malalamiko dhidi ya vyombo vya habari. Chapisheni kanuni hizo kwenye karatasi, kila mchangiaji awe na nakala yake.

Hatua ya tatu: tafuta watu kwa kuwauliza, si kwa kuwatangazia

Tangazo la "tunatafuta waandishi" huleta vijana wanaotaka kitambulisho. Wanaofaa mara nyingi hawajioni kuwa waandishi. Ni mama anayeuza chapati kituoni na kumjua kila kondakta. Ni fundi bomba, muuguzi aliyestaafu, kinyozi, mwanafunzi wa chuo anayeishi kwa shangazi yake. Nenda ukakae nao. Swali ninalotumia mimi ni hili: juzi na jana, nini kimetokea hapa ambacho sijakisoma popote? Anayejibu kwa jina la mtaa, siku na saa, huyo ni wako. Anayejibu "serikali haitujali" ni mwananchi mwenye uchungu wake wa haki, lakini bado ana safari ndefu kufika kwenye habari.

Mafunzo yetu ni Jumamosi mbili, saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, kwenye ukumbi mdogo wa kuazima. Jumamosi ya kwanza ni sheria na maadili. Ya pili tunatoka nje. Kila mmoja anasimama nusu saa mahali pamoja, stendi au kisimani au gengeni, anarudi na maneno 150 ya alichokiona na kukisikia mwenyewe, bila neno "wananchi" hata mara moja. Zoezi hilo dogo hufundisha kuliko mihadhara. Neno "wananchi" ndipo uvivu unapojificha. Ukilikataza, mtu analazimika kuandika nani hasa.

Kila mchangiaji atoe jina lake halisi na simu yake kwa mhariri, hata kama habari itatoka bila jina. Aseme pia yeye ni nani mtaani: mjumbe wa shina, katibu wa tawi la chama, mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya msikiti, wakala wa viwanja. Hatumkatazi mtu kuandika kwa sababu ana cheo. Tunamkataza kuandika juu ya kile anachokisimamia. Dalali asituletee habari ya mgogoro wa ardhi, atuletee jina la mtu wa kumuuliza.

Hatua ya nne: dawati linalojibu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Wekeni zamu. Kila siku iwe na mhariri mmoja wa zamu, jina lake lijulikane, na wa akiba mmoja. Kanuni ni mbili tu. Kila kinachotumwa kijibiwe ndani ya saa 24, hata kama jibu ni "nimeipokea, nitaisoma kesho asubuhi". Na hakuna anayejichapishia mwenyewe, mhariri wa zamu akiwemo. Habari yake inasomwa na mwingine. Wikinews, mradi wa habari wa kujitolea ulioanza 2004, nao uliishia kwenye utaratibu kama huo, kwamba habari ipitiwe na mtu asiyeiandika.

Kundi la WhatsApp litumieni kwa kuitana na kupeana taarifa, lakini habari yenyewe isihaririwe humo. Ikiingia kundini inazama chini ya salamu na video za mahubiri. Sisi mtu anatuma maandishi kwa namba moja ya dawati, mhariri anayahamishia kwenye faili ya pamoja mtandaoni yenye safu tano: tarehe ilipoingia, nani kaileta, inahusu nini, nani anaishughulikia, imefikia wapi. Jedwali la kawaida linatosha. Habari iliyokaa siku tatu bila kusogea tunaipaka rangi nyekundu, na kila Jumapili usiku tunaanza na nyekundu.

Sasa nikuonyeshe jibu lenyewe linavyokuwa. Hii ni habari tuliyopokea kutoka kwa mama mmoja, ya kwanza katika maisha yake:

"Wananchi wa mtaa wetu wanalia na kero ya maji. Ni wiki mbili sasa maji hayatoki na viongozi wamekaa kimya huku akina mama wakiteseka."

Mhariri mkali angeandika "haina vyanzo" na kuirudisha. Mimi nilimpigia simu, kwa sababu mtu wa mara ya kwanza anastahili sauti. Shikamoo mama, nimeisoma, asante sana, jambo hili linatuhusu wote. Naomba nikuulize machache. Ni bomba lipi, la kwenye nyumba zenu au lile la pamoja pale karibu na msikiti? La pamoja, mwanangu. Mara ya mwisho wewe mwenyewe kuchota ilikuwa siku gani? Akafikiri. Jumatatu, siku ya gulio. Sasa unachota wapi? Kwa mzee mwenye kisima, kule bondeni. Dumu shilingi ngapi? Mia tatu, zamani mia. Kwa siku madumu mangapi? Sita, maana nakaanga chapati. Kuna aliyekwambia kwa nini yamekatika? Hapo akacheka: mwanangu, si walipita na lile katapila la kuchonga barabara?

Mazungumzo yalichukua dakika saba. Tukakubaliana yeye aende kumwona mwenyekiti wa mtaa, mimi nipige ofisi ya maji. Mwenyekiti alikuwa anajua, alishaandika barua na akatuonyesha nakala. Ofisi ya maji ilithibitisha bomba limekatwa na mashine ya mkandarasi na kutaja siku ya kulitengeneza. Habari ilitoka kesho yake, ikianza hivi:

"Bomba la pamoja lililo karibu na msikiti halijatoa maji tangu Jumatatu ya gulio. Muuza chapati mmoja anayetumia madumu sita kwa siku sasa analipa shilingi 1,800 badala ya 600."

Ona kilichobadilika. Wiki mbili zimekuwa siku nane, kwa kuwa ukihesabu kutoka Jumatatu ile ndivyo ilivyokuwa. Viongozi hawakukaa kimya. Mateso hayakutajwa kwa jina, yamekuwa shilingi 1,200 zinazotoka kila siku kwenye mfuko wa mtu. Na mama alipoisoma aliniambia, "Kumbe ndicho nilichotaka kusema." Ameandika nasi tangu siku hiyo.

Mkikataa habari, semeni kwa nini na nini kingeiokoa. "Hatutaitoa kwa sababu uliyemnukuu hakuwepo. Ukimpata aliyekuwepo, nitaishughulikia usiku huohuo." Mtu mzima akielezwa hivyo haoni haya kurudi.

Hatua ya tano: kuhakiki

Usiku wa 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi Gongo la Mboto, maelfu ya watu walikimbia nyumba zao, wengine wakapelekwa Uwanja wa Uhuru. Waliokuwa na simu usiku ule wanakumbuka jinsi kila ujumbe ulivyosema lake. Siku ya namna ile, gazeti la mtaa likikosea sentensi moja linaweza kumkimbiza mama na watoto kuelekea hatari. Nawasimulia wachangiaji wapya habari hiyo kabla ya kuwafundisha mbinu yoyote, ili wajue tunahakiki kwa ajili ya nani.

Mtu anapoleta jambo, swali la kwanza ni: umeona, au umeambiwa? Kuambiwa si dhambi, ila lazima tumfikie aliyeona. Tunataka watu wawili wasiotegemeana. Mashuhuda watatu waliosikia kwa kondakta mmoja ni shuhuda mmoja.

Picha omba ile ya asili kutoka kwenye simu iliyopiga, si iliyozunguka makundini. Itafute mtandaoni kwa picha yenyewe uone kama imewahi kutoka. Kisha itazame taratibu. Mabango, rangi za mistari ya daladala, sare za shule, vivuli, kama ardhi ina tope wakati mvua haijanyesha wiki nzima. Mkazi anayelijua eneo huona mambo ambayo programu haiyaoni: "Hilo bango lilishatolewa." Mwombe pia mpigaji akutumie nyingine mbili za pembe tofauti. Aliyekuwepo anazo.

Namba ziwe na mwenyewe. Idadi ya waliokufa au kuumia anaisema Kamanda wa Polisi, Zimamoto, hospitali au mkuu wa wilaya, nasi tunaandika nani kaisema na saa ngapi. Tahadhari ya mvua ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Tunanakili maneno yao na tarehe yake, maana tangazo la mwaka jana huibuka kila masika. Barua zenye nembo na muhuri tunazipigia simu ofisi zilikotoka.

Muda unapobana, na moto unawaka kweli, toeni mnachokijua tu. Tulipopata taarifa kwamba mabanda ya soko yanaungua, sentensi yetu ya kwanza ilikuwa: "Saa 4:20 usiku moto unaonekana upande wa mabanda ya nguo, mchangiaji wetu amesimama ng'ambo ya barabara. Hatujapata taarifa ya chanzo wala ya majeruhi." Watu walitulaumu kwa kuchelewa kutaja chanzo. Waliotaja hitilafu ya umeme usiku ule ilibidi wafute asubuhi.

Na anayetuhumiwa apigiwe simu kabla. Si ujumbe wa saa tano usiku wa kutimiza wajibu. Apigiwe mchana, aelezwe tuhuma yote, apewe muda wa kweli, na maneno yake yawekwe juu, karibu na tuhuma.

Hatua ya sita: mtu kwanza

Hakuna habari ya kumzamisha mtu Msimbazi. Mchangiaji asivuke maji yanayokwenda kasi, asiingie kwenye jengo lililopasuka, asisimame kati ya askari na umati. Akiwa pikipiki, picha ipigwe imesimama. Usiku watoke wawili, na mmoja wa nyumbani ajue walikokwenda.

Mtoto hatajwi wala haonyeshwi sura kwenye jambo la aibu au la jinai, iwe ametenda au ametendewa. Aliyebakwa hatajwi, na msimtambulishe kwa mlango wa nyuma. Ukiandika "binti wa mwalimu mkuu wa shule fulani" umeshamtaja. Maiti hazipigwi picha. Jina la marehemu linasubiri mpaka familia iwe imepata taarifa, na hilo tunalihakikisha kwa mjumbe wa shina, kwa adabu, si kwa kugonga mlango wa wafiwa na simu mkononi. Mshukiwa ni mshukiwa hadi mahakama iseme. Neno "kibaka" limewahi kuua mtu katika jiji hili kabla habari haijakamilika.

Upande wa vifaa, akaunti zote ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, na nywila zijulikane na watu wawili. Wekeni pia orodha ya namba za simu za kawaida kwenye daftari. Oktoba 2025, intaneti ilipokatika nchini wakati wa uchaguzi, makundi yaliyokuwa na namba kwenye WhatsApp pekee hayakuweza hata kuulizana hali.

Hatua ya saba: pesa, bando na bahasha

Kujitolea hakumaanishi mtu alipie kutoka mfukoni. Bando la mwezi kwa wahariri wa zamu na nauli ya anayetumwa ni vitu vya kulipwa kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kununua muundo mzuri wa tovuti. Tovuti iwe nyepesi: maandishi, picha moja iliyopunguzwa ukubwa, basi. Msomaji wenu ana bando la shilingi mia tano na anataka limfikishe jioni.

Michango ya wasomaji ipitie laini au akaunti ya taasisi, isiwe ya mtu binafsi, na kutoa pesa kuhitaji idhini ya watu wawili. Kila mwezi chapisheni mlichopokea na mlichotumia. Hatuwezi kumdai mwenyekiti wa mtaa asome mapato na matumizi wakati yetu yamefichwa. Matangazo ya duka la dawa na ya ufundi cherehani pokeeni, yawe na neno TANGAZO juu yake.

Kuhusu bahasha sina msimamo wa kati. Ukiitwa kwenye uzinduzi na kupewa "nauli", unashukuru na unairudisha. Najua ugumu wake: mtu amekosa siku ya biashara, na aliyempa ni mtu mzima anayemheshimu. Kwa hiyo msimwachie aikatae peke yake. Tulichapa barua fupi yenye muhuri wetu: mchangiaji huyu amelipiwa nauli na gazeti, tafadhali usimpe chochote. Anaitoa pale mlangoni. Imewaondolea watu wetu aibu nyingi.

Hatua ya nane: mkikosea

Masika moja tulitoa picha ya daraja lililofunikwa na maji, tukasema barabara haipitiki. Picha ilikuwa ya mvua za nyuma. Aliyeileta alikuwa mtu wa kuaminika, mhariri wa zamu alikuwa mimi, nami nilikuwa nimechoka nikaruka kuuliza ile ya asili. Watu walizunguka mbali asubuhi ile. Baba mmoja alinipigia: alikuwa anampeleka mkewe kliniki, wakashuka, wakapanda bajaji kwa njia ndefu, pesa yao ya chakula ikaishia humo. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kaka, hukwenda kuangalia?"

Tangu hapo utaratibu ni huu. Kosa likigundulika, habari inasahihishwa palepale, na juu kabisa inawekwa sentensi inayosema kilichoandikwa mwanzo, kipi ni sahihi, na saa ya masahihisho. Haifutwi kimyakimya. Masahihisho yanatumwa kwenye kila kundi ambako habari ilitumwa, kwa herufi zilezile. Aliyelalamika anajibiwa ndani ya saa 24, kama mchangiaji. Mhariri ndiye anayebeba kosa hadharani, si mchangiaji. Mama wa chapati akianikwa mara moja, mtaa mzima utaogopa kuandika.

Hatua ya tisa: kuwatunza waliobaki

Mhariri asishike zamu zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mwezi wa Ramadhani, zamu za jioni wachukue wasiofunga, na Krismasi wenzao wawarudishie. Wanafunzi waachwe kipindi cha mitihani bila kuulizwaulizwa. Mchangiaji akinyamaza wiki tatu, apigiwe simu ya kumjulia hali, na habari isitajwe mpaka ataje yeye. Nusu ya waliorudi kwetu walirudi baada ya simu ya namna hiyo: mmoja alikuwa anauguza, mwingine simu ilikuwa imeanguka kwenye ndoo na alikuwa anaona haya kusema.

Majina yao yawekwe juu ya habari, kama wanataka, yakiwa yameandikwa sawasawa. Habari ikileta matokeo, mtaro ukazibuliwa, mpelekee aliyeandika picha ya mtaro ule kabla hujaitoa kwa wengine.

Na wekeni daftari la zamu, la karatasi. Letu lina jalada jeusi na linahama nyumba kila Jumapili. Humo mna namba za mwenyekiti na mtendaji wa kila mtaa, za zamu ya zahanati, za fundi wa tovuti, mahali nywila zilipofungiwa, na ukurasa mmoja wa majina ya wachangiaji wote, na mbele ya kila jina tarehe tuliyomjibu mara ya mwisho. Anayekabidhiwa daftari anaanza na jina lenye tarehe ya zamani kuliko zote, anapiga simu.